Swali Nililoliruka kwa Bi Zuhura

Barua yenu nimekaa nayo wiki tatu. Mmeandika kwa adabu, nyinyi madaktari na wauguzi vijana mnaotoka kwetu na mnaofanya kazi katika hospitali za hapa London, mkaniomba nizungumze juu ya miongozo ya kutibu maradhi ya akili: inasaidia nini, na mtu aifuate mpaka wapi. Mkasema mnanitaka mimi kwa kuwa nimeona mengi. Nimeyaona, kweli, na kuyaona huko kumenichosha, kwa hivyo mtanisamehe nikiwa mzito. Naishi Kilburn, ghorofa ya tatu, na ngazi zangu siku hizi nazipanda kwa vituo. Habari hii nayo nitaisimulia kwa vituo.

Nilipoanza kazi, miaka kadhaa baada ya kuondoka Unguja kufuatia Mapinduzi, hakukuwa na miongozo kama mnayoijua nyinyi. Hakukuwa na kompyuta ya kukupigia kelele kwamba umesahau kipimo. Mwongozo alikuwa mtu. Ukipata mtu mzuri, ulifundishwa vizuri. Ukipata mvivu, ulirithi uvivu wake, ukaufanyia kazi miaka ishirini ukidhani ni elimu.

Mimi nilimpata Dk. Kaur. Alikuwa Singasinga wa Kisumu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili, akiishi Queensbury na mume, mama mkwe na watoto wanne. Siku ya kwanza alikisikiliza Kiingereza changu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mtu wa wapi, bwana? Unguja? Basi wacha kujisumbua." Tangu siku ile mbele za watu tulizungumza Kiingereza, tukiwa peke yetu Kiswahili. Na kukaripiwa, nilikaripiwa kwa Kiswahili.

Yeye ndiye aliyenikabidhi kliniki ya lithiamu, kila Alhamisi asubuhi. Nyinyi wa wodi mnaijua dawa hii, lakini nitaieleza kwa ajili ya walioanza jana. Ni chumvi. Mtu ambaye akili yake hupanda mpaka halali wiki nzima, kisha ikashuka mpaka hawezi kujinyanyua kitandani, chumvi hii yaweza kumweka sawa miaka mingi, akaolewa, akafanya kazi, akasahau kama aliwahi kuugua. Ila kipimo chake ni chembamba. Ikipungua kidogo haifanyi kazi, ikizidi kidogo ni sumu. Na inayoitoa mwilini ni figo, kwa hivyo mwili ukikauka maji, dawa hubaki ndani na kujilundika.

Kwa hivyo tulipima damu. Zikipita saa kumi na mbili tangu kidonge cha usiku, mgonjwa anakuja asubuhi hajameza kidonge chengine, anatolewa damu. Nami katika mwezi wangu wa kwanza nikapigiwa simu na maabara: damu ya mzee mmoja, nitamwita Bwana Ellis, ina lithiamu ya kutisha. Nikampigia nyumbani, hapokei. Nikawapigia polisi. Nikawaambia kuna mtu anakufa nyumbani kwake, wavunje mlango ikibidi. Hawakuvunja, maana Bwana Ellis aliwafungulia mwenyewe, akiwa na uma mkononi na yai kwenye uma. Walimleta kliniki katikati yao kama mwizi wa baiskeli, akiwa amevaa ndara za chumbani. Dk. Kaur akamtazama mara moja, akamuuliza kidonge chake alikimeza saa ngapi. Akajibu asubuhi ile, alipokuwa akisubiri basi la kuja kutolewa damu, kwa kuwa usiku alikisahau na hakutaka kutukosea.

Dk. Kaur hakucheka mbele yake. Alimwomba radhi, akamwagizia teksi, kisha akanifungia mlango. "Masoud," akasema, "hii namba bila saa ni takataka. Na mgonjwa wa lithiamu, kabla ya kufungua faili, muulize mambo matatu. Tumbo lake linakwenda vipi. Anakunywa maji kiasi gani. Dukani amenunua dawa gani. Hata akiwa mfalme, utamuuliza."

Huo ndio uliokuwa mwongozo wetu wote wa lithiamu, na ulikuwa mzuri. Nataka mlikumbuke hilo. Lililotokea baadaye halikutokea kwa sababu hatukuwa na mwongozo.

Bi Zuhura alikuwa mgonjwa wa Alhamisi. Majina, lake na la binti yake, nimeyabadilisha. Yeye sasa ni marehemu, na binti ndiye aliyeniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Unguja kama mimi, mjane, akikaa Walthamstow katika nyumba moja ya zile zilizoshikana, mtaa wa pili kutoka soko refu la barabarani. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa vitambaa mpaka dirishani, akishona mapazia ya Waingereza, mabuibui ya kina mama wa Kisomali, nguo za harusi za Wahindi. Aliwahi kunionyesha kola aliyoitarizi kwa mkono, nikaigeuza nyuma kutafuta fundo la uzi, sikuliona.

Kabla ya lithiamu alikuwa ameugua mara mbili. Mara ya pili alishusha mapazia yote ya nyumba yake na ya wateja, akayagawa njiani kwa wapita njia akiwaambia jua limekwisha kuzimwa, hayahitajiki tena. Nasra, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka minane, akimfuata nyuma kuyaokota. Mama alilazwa miezi mitatu. Baada ya hapo akaanza dawa, na miaka tisa haikumpata hata siku moja mbaya. Miaka tisa. Nilijivunia miaka ile kama niliyoishi mimi.

Alifurahi kupata daktari wa kwetu. Alikuwa akiniletea visheti kwenye mkebe, akiniuliza habari za mama yangu kule nyumbani, kisha ndipo ananyoosha mkono kutolewa damu. Maswali matatu nilikuwa nikimuuliza kama ninavyowauliza wengine, na yeye alikuwa akijibu kwa mzaha, kwamba tumbo lake ni zima kuliko langu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo halimo katika faili.

Miaka ile Ramadhani iliangukia kiangazi. Nyinyi mnajua kiangazi cha hapa, jua linachomoza watu hawajalala vizuri na linazama saa tatu na zaidi za usiku. Mimi nilikuwa sifungi. Nilianza kuacha nilipokuwa mwanafunzi, kwa kisingizio cha zamu na mitihani. Zamu zikapungua, mitihani ikaisha, nami nikaendelea kula. Hakuna aliyejua isipokuwa mke wangu, ambaye alifunga na watoto na hakuwahi kunisema mbele yao. Wazee wa kwetu waliokuja kliniki walidhani nafunga. Niliwaacha wadhani.

Alhamisi moja kabla ya mwezi kuandama, Bi Zuhura akaja. Damu yake ilikuwa nzuri, ya kupigiwa mfano. Akakaa, akafungua vifungo vya koti lake, akasema, "Mwezi ndio huo umekaribia, dokta. Na mwaka huu mchana ni mrefu."

Nilisikia kabisa alichosema. Miaka iliyotangulia hakuwahi kuutaja mwezi mbele yangu, wala mimi sikuutaja. Swali la pili la Dk. Kaur, lile la maji, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini nilijua likitoka litakwenda wapi. Nitamuuliza maji, atasema atafunga. Nitamwambia basi tuzungumze, na yeye, kwa mapenzi tu, kwa mazungumzo ya watu wa kwetu, ataniuliza, "Na wewe dokta, unaiweza na kazi hizi?" Nami itabidi nimdanganye mama yule uso kwa uso, au nimwambie kweli.

Nikasema, "Kheri inshaallah." Nikageuza karatasi. Nikamwandikia vidonge vya miezi mitatu.

Aliendelea kukaa kidogo. Kisha akafunga vifungo vyake, akaniombea dua, akaenda zake. Mgonjwa aliyefuata alikuwa Bwana Ellis, naye nilimuuliza maswali yote matatu.

Bi Zuhura alifunga siku kumi na saba. Chumba cha cherehani kilikuwa na joto la pasi, na harusi zilikuwa nyingi. Magoti yalimuuma, akanunua dawa ya maumivu dukani, ya aina ambayo nyinyi leo mnajua haipatani na lithiamu. Wiki ya tatu tumbo likamharibika. Alitapika, akaharisha, na hakufungua, kwa sababu aliona ni jambo la kupita. Na usiku, baada ya kufuturu, alimeza vidonge vyake kama alivyoambiwa, hakuruka hata kimoja. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwatibu.

Nasra alikuwa na miaka kumi na saba. Aliporudi skuli mchana mmoja alimkuta mama yake ameegemea mlango, anazungumza kama mdomo umejaa pamba, mikono inatikisika, hawezi kupiga hatua bila kuyumba. Akamwingiza katika teksi ya jirani mpaka hospitali. Pale idara ya dharura daktari alimuuliza kama mama amekunywa pombe. Nasra, ambaye Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu daima kwa Kiingereza, alimjibu kwa Kiingereza kisichohitaji kufasiriwa. Kisha akatoa chupa ya vidonge kwenye mkoba na kuiweka mezani. Ilikuwa na jina langu. Ndipo waliponipigia.

Nilifika alasiri. Lithiamu katika damu yake ilikuwa imevuka mara mbili ya kile kinachotakiwa na zaidi, na safari hii saa za kidonge nilizihesabu mwenyewe, hazikuwa na kosa. Walikuwa wameshamtundikia maji na wanamtayarishia mashine ya kusafisha damu. Hakunitambua. Alikuwa akichezesha vidole juu ya shuka, kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayepitisha uzi.

Nasra alisimama upande wa pili wa kitanda. Hakuninyanyulia sauti. Aliniuliza kwa Kiingereza kama sikujua kwamba ni Ramadhani.

"Nilijua," nikamwambia.

Akasubiri nimalize. 

Bi Zuhura alilazwa karibu wiki mbili na nusu. Akili ilirudi, maneno yakarudi, akaanza tena kuniita dokta. Miguu ilibaki na mashaka, hasa kwenye ngazi. Mkono wa kulia haukurudi. Ukitulia ulikuwa mkono wa mtu asiyeumwa, ukielekea kitu ulianza kutikisika, na kadiri ulivyokikaribia kile kitu ndivyo ulivyozidi. Mnajua jina la hali hii. Mnajua pia kwamba wengine hupona baada ya miezi na wengine hawaponi kabisa. Yeye hakupona. Hakushona tena.

Dk. Kaur ndiye aliyepewa kazi ya kulichunguza jambo lenyewe. Aliniita, faili liko wazi mbele yake, akaniuliza siku ile ya mwisho nilimuuliza nini mgonjwa. Nikasema nilisahau kumuuliza habari za maji.

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe hukusahau," akasema. "Mimi nimekusomesha miaka mingapi? Kusahau kwako nakujua, unasahau mwavuli. Hii umeacha."

Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia sifungi, na kwamba nilimwonea haya Bi Zuhura. Nilitarajia atanionea huruma kidogo, maana yeye mwenyewe alikuwa na mambo yake aliyowaficha watu wa hekalu lao la Southall. Hakunionea. Alisema nitafanya mambo mawili. La kwanza, nikamwambie Bi Zuhura mwenyewe, kwa mdomo wangu, lile nililomwambia yeye. La pili, niandike karatasi moja ya mwongozo wa kliniki, ili daktari mwengine mwenye haya zake akute swali limeshaandikwa na halina njia ya kurukwa.

La pili lilikuwa jepesi, nikaanza nalo.

Niliisoma rasimu katika mkutano wa madaktari. Mmoja wetu, mzee mpole, Mwingereza, alisema kwa upole kwamba kumuuliza mtu habari za ibada yake ni kama kuingia chumbani kwake bila hodi, na kwamba haifai hospitali ya umma. Wote wakageuka kunitazama, kwa kuwa Muislamu wa chumba kile nilikuwa mimi. Walitaka niseme kama ni matusi au si matusi. Nilisema waulizwe. Kisha nikakunja rasimu nikaketi, na nadhani wao waliona ni heshima ya dini.

Katika rasimu niliandika, "Wagonjwa Waislamu waulizwe kama wanafunga." Dk. Kaur akaipitia kwa kalamu yake nyekundu, akakata neno Waislamu kwa mstari uliotoboa karatasi. "Queensbury kuna kina mama wa Kihindu wanafunga kila wiki siku yao," akasema. "Kuna Mkristo na Kwaresima yake. Kuna msichana anajinyima apungue. Na huyu Ellis wako hanywi maji kutoka saa nane mchana, maana choo kipo juu na magoti imekufa. Unajua hiyo?" Sikujua. Nilikuwa nikimuuliza anakunywa maji kiasi gani, naye akijibu "ya kutosha," nami naandika ya kutosha.

Hapo ndipo tulipopata swali ambalo nawaachieni, na kama mtachukua kitu kimoja tu kwangu chukueni hiki. Usimuulize mtu kama anafunga, maana atakujibu kile anachodhani unataka kusikia. Wala usimuulize kama anakunywa maji ya kutosha. Muulize, "Siku hizi unakula na kunywa saa ngapi?" Kisha nyamaza. Atakuhesabia siku yake yote, na ndani ya hesabu hiyo utaona saa zilizo tupu. Muulize mapema, kabla ya mwezi, maana wengine kufunga kunapangika, kwa kupimwa damu na kuangaliwa, na wengine hakupangiki kabisa, na mtu anahitaji muda wa kulikubali hilo, azungumze na watu wake, na imamu wake akitaka. Na mpe kadi iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma: ukitapika, ukiharisha, mikono ikianza kutikisika au ukipepesuka, usimeze tena vidonge, njoo siku hiyo hiyo. Bi Zuhura hakuwa na kadi. Alikuwa na mimi.

Karatasi ile ilikwenda kliniki nyengine, ikanakiliwa, ikabadilishwa, majina yetu yakatoka. Baadaye ikaja miongozo mikubwa iliyoandikwa na watu wengi wenye elimu kunishinda, na baada yake kompyuta. Mimi nasema ni heri. Msiwasikilize wazee wanaowaambia zamani tulitibu kwa moyo. Zamani wengi tulitibu kwa kubahatisha.

Lakini mwaka wangu wa mwisho nilikaa nyuma ya daktari mmoja kijana, hodari, nikimtazama anavyozungumza na mwanamke aliyetoka kujifungua. Kwenye skrini lilikuwapo swali, kama mama amewahi kufikiria kujidhuru. Aliweka alama ya "hapana" bila kuinua macho, na bila kuuliza. Mgonjwa alipotoka nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kweli, namshukuru kwa hilo. Alisema aliogopa mama ataanza kulia, na nje kulikuwa na watu watano wanasubiri. Nilitakiwa nimkaripie. Nilimwambia tu amwite yule mama arudi, kabla hajafika kwenye basi. Alikimbia mpaka getini akamrudisha, na mama akalia kweli, na tukachelewa kwa wote watano.

Kwa hivyo mkiniuliza mwongozo una kasoro gani, sina kasoro nyingi za kuwatajia. Umeandikwa vizuri. Ila hauwezi kujua ni ukurasa upi wewe binafsi utauruka, na kwa nini. Hilo kila mmoja wenu ajichunguze mwenyewe. Kuna atakayeruka habari za pombe kwa sababu ya baba yake. Kuna atakayeruka habari za ndoa.

Sasa lile la kwanza, alilonitaka Dk. Kaur nifanye. Nimeliweka mwisho kwa sababu hata wakati ule nililiweka mwisho. Miezi miwili ilipita.

Nilikwenda Walthamstow Jumamosi asubuhi. Soko lilikuwa limejaa, nikapita katikati yake polepole, nikisimama kwenye kila meza ya mboga kama mtu anayenunua. Bi Zuhura alinifungulia mwenyewe, ameshika fimbo. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, vitambaa vimerudishwa kwa wenyewe. Tulikaa jikoni. Nasra alisimama kwenye sinki, ametupa mgongo, lakini maji aliyafunga ili asikie.

Nilimwambia. Nilisema, "Bi Zuhura, siku ile uliponiambia mwezi umekaribia, nilikuelewa. Sikukuuliza kwa sababu mimi sifungi. Niliogopa utaniuliza."

Alikuwa ameweka mkono wa kulia mapajani, ameushika kwa wa kushoto kama wanavyofanya watu wenye mtikisiko. 

"Ningekuuliza, kweli," akasema. "Na ungenambia hufungi, ningesema Mungu akujaalie. Nini chengine ningesema?"



"Unajua kwa nini nilikwambia habari za mwezi?" akaendelea. "Ile miaka ya nyuma nilifunga mchana ukiwa mfupi kidogo, nikaweza kwa taabu. Mwaka ule nilijua siwezi. Mwili wangu naujua. Nikiacha, dada zangu wataniuliza nani kakukataza, nikisema daktari, watasema Mzungu anajua nini cha dini yetu. Nikasema mwaka huu sina dhiki, dokta wangu ni Muislamu, mtu wa Unguja, mwana wa watu. Atanikataza yeye, nami nitawaambia Dokta Masoud kanikataza, na hapana atakayesema neno. Nilikuja unikataze, mwanangu. Nikakaa, nikangoja, nikaona unageuza karatasi. Nikasema basi, kama yeye anaona naweza, naweza."

Nasra aligeuka kutoka kwenye sinki. Lile nadhani na yeye alikuwa halijui. Alimtazama mama yake, hakunitazama mimi.

Nililia, sitawaficha. Bi Zuhura aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza. Nilipotulia akaniambia ana ombi moja. Angependa matibabu yake yahamie kwa Dk. Kaur.

"Si kwa hasira," akasema. "Hasira ninayo, lakini si kwa hiyo. Mimi nikikuona nitakuonea haya kwa ulivyolia. Na wewe utanionea haya kwa mkono huu. Mambo hutayauliza tena, na mimi sitayasema tena. Kazi ya haya tumeshaiona."

Niliandika barua ya kumhamisha siku ile ile, nyumbani, kwa mkono. Ilikuwa mistari mitatu. Penye sababu ya uhamisho niliandika kwamba mgonjwa ameomba mwenyewe.

Jumatatu asubuhi niliipeleka kwa Dk. Kaur, na mchana niliikuta juu ya meza yangu. Dk. Kaur alikuwa ameizungushia duara nyekundu ile sababu, na chini yake akaandika kwamba hampokei mgonjwa kwa barua isiyokamilika. Nikafunga mlango. Nikachukua karatasi nyengine, nikaandika upya, kuanzia alipofungua vifungo vya koti lake na kuniambia mchana ni mrefu, mpaka nilipogeuza karatasi, na kwa nini niliigeuza. Nikatia saini. Iliingia ndani ya faili lake pamoja na vipimo vyote, mahali ambapo daktari yeyote atakayemtibu ataisoma.